Kasanga Ilikuwa Bado Februari

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijivuni kwa hilo. Nalitaja mapema kama mtu anavyotaja goti lake bovu, ili wenzake wasimwombe kupanda ngazi. Kuna watu wakisikia basi la Mbeya linapiga honi pale stendi, damu inawachemka. Yangu inaganda. Napenda kiti changu, napenda jiko la mkaa likiwa karibu baridi ya Juni inaposhuka kutoka milima ya Mbizi, na napenda kujua tangu asubuhi mchana nitakula nini na nitakula nimekaa wapi. Mke wangu huwaambia wageni kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na kabati: liko palepale tangu siku ya harusi.

Ndiyo maana nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakanishauri nisiwasumbue watu wa kidato cha tano, nilichagua kompyuta. Niliona ni kazi ya kukaa. Nilisoma miezi mitatu Mbeya, nikakonda kwa kukumbuka kwetu, nikarudi Sumbawanga na karatasi yenye muhuri mkubwa kuliko nilichokijua. Ilikuwa miaka ya soko huria. Mahindi ambayo zamani yalikuwa na mnunuzi mmoja, sasa yalikuwa na wanunuzi kila kona. Mmoja wao alikuwa mzee aliyefika Ufipa kutoka Usukumani akiswaga ng'ombe wa baba yake, halafu akageuka mfanyabiashara. Alinunua kompyuta kabla hajapata mtu wa kuziwasha. Akanipata mimi.

Ofisi kuu ilikuwa mjini. Kulikuwa na ghala Mwazye, na ghala jingine Kasanga, bandarini, ambako mahindi yalipakiwa kwenye boti kwenda Zambia na Kongo. Kila ghala lilikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikaa kwenye mizani, ikasoma uzito. Nyingine ilikaa ofisini, ikapokea ule uzito kwa waya na kuchapa hati ya mzigo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku dalali mmoja pale Mwazye alipochomeka kompyuta yake kwenye waya na kuiambia mashine ya ofisi kwamba yeye ndiye mizani. Ikamwamini. Ikachapa magunia ambayo hayajawahi kulimwa na mtu yeyote.

Mzee akamleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Alikaa siku mbili, amejifunga blanketi, akituuliza kama huku jua huwa linatoka. Lakini kazi aliijua. Aliweka utaratibu wa vyeti: tangu siku hiyo mizani ikitaka kuongea na ofisi, sharti ionyeshe cheti, na cheti chenyewe kiwe kimetolewa na kompyuta yangu ya Sumbawanga.

Mke wangu aliponiuliza mashine inatafuta cheti cha nini, nilimkumbusha ndoa yetu. Padri alikuwa ananijua tangu natumikia altareni, lakini hakukubali kutufungisha mpaka nilete cheti cha ubatizo, tena si kile kilichokunjwa kwenye sanduku la bibi. Alitaka kilichoandikwa upya karibuni. Maana mtu aliyebatizwa miaka ishirini iliyopita anaweza kuwa ameshaoa mke mwingine kule Mpanda, na karatasi ya zamani haiwezi kusema.

"Kwa hiyo wewe sasa ndiye parokia," akasema mke wangu.

"Ndiyo."

"Masikini mashine za watu."

Kila cheti kiliishi mwaka mmoja. Kikikaribia kufa, mimi nilipaswa kutengeneza kipya, nikitie kwenye flashi, nipande lori la kampuni, nikakipachike kwa mkono wangu. Mtaalamu aliniambia kwamba ipo njia ya kuzifundisha mashine zijiombee vyeti zenyewe, bila mtu kusafiri. Akaanza kunieleza. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, kwa sababu ilikuwa karibu saa saba na nyumbani kulikuwa na ugali wa ulezi na migebuka, wale samaki wa ziwani.

Mwazye nilikwenda. Nilitoka asubuhi nikarudi jioni, nikaumwa siku mbili. Kasanga ilikuwa zamu yake mwanzoni mwa Machi, na Machi ile mvua ilinyesha kama inalipwa. Barabara ya kuteremka ziwani ilikuwa imemeza malori. Nikajisemea, wiki ijayo.

Karani wa Kasanga alikuwa mama wa makamo, mjane, Mfipa wa huku juu aliyepelekwa na kazi kwenye joto la ziwa. Mume alipofariki, shemeji zake walichukua nyumba na shamba. Akabaki na kazi yake tu, na chumba cha kampuni nyuma ya ghala kilichokuja na kazi hiyo. Mtu wa utaratibu. Hata akikupigia simu, unahisi amesimama wima.

Akanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mashine ya ofisi haitaki kuisikiliza mizani. Imeandika Kiingereza kirefu, sijakimaliza chote, ila nimeelewa kwamba imekataa."

"Cheti kimekwisha muda. Nakuja wiki ijayo."

"Malori mawili yako getini leo."

Nikatazama dirishani. Mvua. Nikatazama viatu vyangu, vikavu, vizuri. Nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kuficha uso.

"Mama, unaiona saa pale chini pembeni kwenye kioo?"

"Naiona."

"Ibonyeze mara mbili. Itafungua kalenda. Rudisha nyuma, weka Februari."

"Februari imekwisha."

"Mashine haijui."

Nikasikia kuku wa Kasanga.

"Fundi, tuidanganye?"

"Hatuidanganyi, mama. Tunaikumbusha ya zamani."

Hakucheka. "Na hati zitatoka na tarehe ipi?"

"Ya Februari. Lakini ni wiki moja tu. Naja."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesomea."

Mizani ikasikilizwa, malori yakapimwa, nami nikajiona mtu mwenye akili sana. Wiki ijayo ilipofika, ilifika na mafua. Iliyofuata ilikuwa ya kupalilia. Halafu Pasaka. Halafu mtoto wa jirani akapata komunyo ya kwanza, na mtu haachi pilau la jirani akaenda kushika waya. Nikasahau kabisa.

Yule mama hakusahau. Kila Februari ya mashine ilipofika mwisho, aliirudisha mwanzo, kama nilivyomfundisha. Ila hakuweza kutoa karatasi yenye uongo. Kwa hiyo kila hati iliyotoka kwenye mashine aliikata tarehe kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika tarehe ya kweli, pembeni akasaini jina lake lote. Hati hizo zilipanda kwetu kwenye bahasha, nikaziona kwa macho yangu. Nikasema moyoni, mama huyu ana mwandiko mzuri. Aprili ikapita, Mei ikapita. Sumbawanga tulikuwa tumeshatoa makoti. Kasanga ilikuwa bado Februari.

Mwezi wa sita kampuni ikapata kibali cha kupeleka mahindi Kongo, mzigo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kupeleka. Boti likajazwa. Afisa wa bandarini akachukua hati, akasoma moja, akasoma ya pili, akaziweka chini. Kibali kilitolewa Juni. Mashine inasema mahindi yamepimwa Februari. Na mtu kwa kalamu amefuta Februari kwenye kila karatasi, akaandika Juni, akasaini. Afisa alifanya ambalo hata mimi ningelifanya kama ningekuwa na kazi ya kusimama: akazuia boti.

Mzee akaniita ofisini. Hakuniambia nikae.

"Kijana, nijibu kama mtaalamu. Tarehe ya kompyuta inaweza kubadilika yenyewe?"

"Hapana, mzee."

"Mtu anaweza kuibadilisha?"

"Anaweza."

"Basi nimefuga mwizi. Nimempigia simu karani wa Kasanga, nimemuuliza nani kabadilisha, kajibu ni yeye kwa mkono wake. Nikauliza kwa nini. Kanyamaza." Akapiga meza kwa kiganja. "Barua ya kumwachisha kazi inachapwa. Keshokutwa inashuka na lori, na lori hilohilo limtolee vitu kwenye chumba changu."

Sasa, msomaji, hapa ndipo mtu anasema: mzee, ni mimi. Mlango ulikuwa wazi, mdomo ulikuwa wangu. Nikasema, "Sawa, mzee," nikatoka.

Nyumbani sikula. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mke wangu. Mimi nimewahi kula siku ya msiba wa mjomba wangu mpaka wafiwa wakanitazama. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, huku nikizungusha tonge lilelile sahanini.

"Kwa hiyo mama wa watu anafukuzwa kwa sababu wewe unaogopa matope," akasema.

"Siogopi matope. Yalikuwa mafua."

"Miezi minne ya mafua, baba watoto? Ungekuwa umeshazikwa."

Akaondoa sahani yangu. Hakuendelea kunitania, na hapo nikajua hali ni mbaya, kwa sababu mke wangu akiacha kunitania ni kama daktari akiacha kukueleza.

Asubuhi nikampigia yule mama kabla sijafika ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mzee alipokuuliza, kwa nini hukunitaja?"

"Nilikuwa nangoja nione utajitaja lini."

Nimewahi kutukanwa na watu wenye kipaji, lakini hakuna aliyewahi kunifikia pale. Nikatembea mpaka ofisini, nikaingia kwa mzee bila kubisha hodi, nikasema yote nikiwa nimesimama: Machi, mvua, simu, kalenda, kwamba yule mama alikata tarehe kwa kalamu kwa sababu ndiye peke yake katika kampuni nzima aliyekataa kuandika uongo, na kwamba mwizi hasaini jina lake lote.

Mzee alinisikiliza akiwa ameshika barua iliyokwisha kuchapwa.

"Miezi minne," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nikiwa mdogo kuliko wewe nimetembea kwa miguu kutoka Shinyanga mpaka hapa nyuma ya ng'ombe. Wewe umeshindwa kupanda lori."

"Ndiyo, mzee."

"Na mwaka ujao itakuwaje? Nikutumie barua ya mwaliko?"

Hapo ndipo nikamweleza ile njia ambayo mtaalamu wa Dar es Salaam alinieleza nikiwa nawaza migebuka. Kwamba intaneti ya simu imeshafika Kasanga. Kwamba mashine za kule zikipewa modemu, zinaweza kuwasiliana na yangu zenyewe kila asubuhi, na cheti kikibakiza wiki chache ziombe kingine bila kumngoja mtu.

"Yaani unataka mashine ifanye kazi yako kwa kuwa wewe ni mvivu."

"Ndiyo, mzee."

Akaiweka barua mezani, juu yake akaweka kikombe cha chai. "Hii inakaa hapa. Boti likiondoka, na ukinithibitishia kwamba jambo hili halirudi hata wewe ukilala mwaka mzima, nitaichana. La sivyo nachapa mbili."

Nilitumia siku nzima kwenye simu na yule mtaalamu. Alinituma nikachukue programu kwenye barua pepe, akanielekeza hatua kwa hatua, na kila baada ya hatua tatu aliniuliza, "Hili si nilikwambia mwaka jana?" Kesho yake nikapanda lori. Safari siielezi. Itoshe kusema kwamba dereva alisimama Matai mara mbili kwa ajili yangu, na abiria waliokuwa juu ya mzigo walinipa ndimu.

Yule mama alikuwa mlangoni mwa ghala. Nikapiga makofi ya taratibu ya salamu kama tunavyofanya kwetu, nikainama kuliko nilivyozoea. Akaitikia. Hakuniuliza za safari. Alinipa kiti, akanipa maji, halafu akaleta daftari.

Ndani alikuwa ameandika kila hati iliyotoka tangu Machi: namba yake, tarehe ya mashine, tarehe ya kweli, namba ya lori. Na ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko ule mzuri: "Kalenda imerudishwa nyuma kwa agizo la fundi wa Sumbawanga, kwa simu, akisema ni wiki moja."

"Mama, hili ungempa mzee angekuelewa siku ileile."

"Ningempa angekufukuza wewe."

"Ningestahili."

"Hilo ni lako," akasema. "Twende kwa afisa."

Afisa wa bandarini alilisoma daftari polepole, akilinganisha na hati moja baada ya nyingine. Watu waliokuja na shida zao walijaa kwenye benchi, wote wakisikiliza. Alipomaliza akanyanyua macho.

"Wewe ndiye Februari?"

Benchi lote likacheka. Nikakubali kwamba ndimi. Akanipa karatasi, akasema niandike maelezo kwa mkono wangu, nisaini. Nikaandika. Nilipofika kwenye tarehe akainuka, akazunguka meza, akasimama nyuma yangu.

"Hapo andika taratibu," akasema. "Tunakutazama."

Sijawahi kuandika tarehe kwa uangalifu kiasi hicho. Boti liliondoka mchana uleule. Yule mama alisimama gatini kulitazama mpaka likawa dogo, kisha akarudi kwenye mizani. Nami nikaingia kwenye nusu ya pili ya hukumu yangu.

Kwanza nilirudisha kalenda kwenye Juni. Halafu nikachomeka modemu, nikaweka ile programu kwenye mashine zote mbili. Siku ya kwanza haikufanya kazi. Siku ya pili mashine iliomba cheti, na ya kwangu kule Sumbawanga ikakataa kukitoa, kwa haki kabisa, kwa sababu iliyoomba ilionyesha cheti kilichokufa tangu Machi, na mfu hawezi kujiombea. Nikajua kumbe mara ya kwanza lazima mtu alete cheti kwa mkono. Baada ya hapo mashine inajitambulisha kwa kile kilicho hai, ikapewa kinachofuata. Nikapachika kipya kutoka kwenye flashi, kile ambacho kama ningekileta Machi nisingekuwa naungua jua la Kasanga.

Siku ya tatu nilimwita yule mama aone. Nilitoa cheti cha majaribio kitakachoishi saa moja tu, tukakaa mbele ya kioo kama watu wanaongojea maharage yaive. Robo saa kabla ya mwisho, mashine ikaamka yenyewe, ikaita Sumbawanga, ikapokea kingine. Mizani haikukatika hata kidogo. Gunia lilikuwa juu yake na lilipimwa.

"Hivyo tu?" akauliza.

"Hivyo tu. Vya kawaida vitaishi miezi mitatu badala ya mwaka, na kila kimoja kitajiombea kinachofuata."

"Sikuhitaji tena wewe."

"Hunihitaji, mama."

"Vizuri," akasema, na akalisema bila utani wowote. Kisha: "Siku mtandao ukikatika, ikaomba isipate, itamwambia nani?"

"Itanitumia mimi ujumbe."

Akanitazama. Sikungoja aseme. Nikakaa tena, nikaongeza namba yake, na ya mzee, ikikosa cheti iwapelekee na wao ujumbe kila siku, tangu siku kumi na tano kabla cha zamani hakijafa, kwa Kiswahili. Aliisoma ile sentensi niliyoandika, akabadilisha neno moja, akasema sasa iko sawa.

Nikampigia mzee. Nikamweleza tulichokiona kwenye kioo. Akanikatiza: "Wewe nimekusikia. Mpe simu."

Yule mama akaichukua kwa mikono miwili. "Ndiyo, baba," akasema. "Ndiyo. Mashine imejiombea, nimeiona mwenyewe." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Imechanwa? Haya. Asante, baba." Akanirudishia simu, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaingia kwenye chumba chake nyuma ya ghala.

Hakurudi upesi. Nikamfuata mpaka mlangoni nikaita hodi. Chumba kilikuwa kitupu kama ukumbi baada ya harusi. Godoro limevingirishwa na kufungwa kamba ya katani. Sufuria ndani ya ndoo, ndoo ndani ya beseni. Picha za ukutani zimeshushwa, zimebaki misumari. Alikuwa amefunga kila kitu tangu siku ile ya simu ya mzee, na siku zote hizo alilala kwenye mkeka akiningojea mimi.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya godoro, anahangaika na fundo.

"Nililikaza sana," akasema.

Nikachuchumaa upande wa pili. Tukalifungua pamoja, yeye kwa kucha, mimi kwa meno. Kisha akanionyesha misumari, nikaanza kupandisha picha, yeye nyuma yangu akiniambia ipi ilikaa wapi.